Mia Mara Elfu: Historia ya Dhana ya Logarithimu na Lugha ya Kuielezea katika Shule za Kajiado na Kitengela

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya dhana moja ya hisabati, yaani logarithimu, na njia iliyoifikisha dhana hiyo katika madarasa ya shule za upili za Kajiado na Kitengela. Huenda msomaji akajiuliza mwanalugha anatafuta nini katika shamba la wanahisabati. Jibu letu ni kwamba mwanafunzi aghalabu hujikwaa kwenye lugha kabla hajajikwaa kwenye namba, na kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili tumekuwa tukilitazama jambo hili kutoka mbali kana kwamba halituhusu.

Haja ya kuandika ilianzia nyumbani. Jioni moja mjini Kitengela mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha pili, aliniomba nimsikilize akirudia kanuni za logarithimu. Alizikariri zote tatu kwa Kiingereza bila kukosea hata neno moja. Nilipomwuliza kwa Kiswahili logarithimu ya elfu katika msingi wa kumi ni ngapi, alijibu upesi kwamba ni tatu. Nilipomwuliza kwa nini ni tatu, alinyamaza. Nikajaribu kumsaidia: "Kumi inaingia katika elfu mara ngapi?" Akajibu bila kusita, "Mara mia, mjomba." Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa katika swali langu.

Makala haya basi yana sehemu tatu za hoja. Kwanza, tutaeleza asili ya neno lenyewe na jinsi lilivyofika Kajiado. Pili, tutaonyesha kwa nini dhana hii ilibaki nje ya mipaka ya Kiswahili cha shuleni. Tatu, tutajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuieleza, ila nyenzo hizo haziko mahali ambapo waundaji wa istilahi wamezoea kuzitafuta.

2.0 Asili ya neno

Neno logarithimu liliundwa na John Napier, bwana mmoja wa Scotland, ambaye mwaka 1614 alichapisha mjini Edinburgh kitabu cha Kilatini kiitwacho Mirifici Logarithmorum Canonis Descriptio. Aliliunda kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani: logos na arithmos. La pili maana yake ni namba au hesabu. La kwanza lina maana nyingi, miongoni mwazo neno, hoja na uwiano. Na hapa inayohusika ni uwiano. Logarithimu, kwa asili yake, ni namba ya uwiano.

Wazo lenyewe lilikuwa limeanza kuchipuka mapema zaidi. Mjerumani Michael Stifel, katika kitabu chake Arithmetica Integra cha mwaka 1544, alizipanga safu mbili za namba sambamba: moja inayokwenda kwa kujumlisha na nyingine inayokwenda kwa kuzidisha. Akaona kwamba kujumlisha katika safu ya kwanza hulingana na kuzidisha katika safu ya pili. Napier alifanya kazi ya miaka mingi ili wazo la namna hiyo lipate majedwali yanayoweza kutumika. Mwaka 1615 Henry Briggs, profesa wa London, alifunga safari hadi Edinburgh kuonana naye, na wawili hao wakakubaliana kwamba ingefaa majedwali yajengwe juu ya msingi wa kumi. Napier alifariki mwaka 1617. Briggs akaendelea, na mwaka 1624 akatoa Arithmetica Logarithmica, kitabu ambacho ni babu wa majedwali yote ya msingi wa kumi yaliyotumiwa shuleni baadaye.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, aliwahi kuutazama mnara wa Merchiston mjini Edinburgh, uliokuwa makao ya Napier na ambao sasa umo ndani ya chuo kikuu chenye jina lake. Jambo lililomgusa zaidi ni hili: Napier hakuijua fasili ambayo mwanafunzi wa Kitengela hufundishwa leo. Kwake yeye logarithimu ilielezwa kwa mwendo wa nukta mbili, moja ikienda kwa kasi isiyobadilika na nyingine ikipungua kasi kadiri inavyokaribia mwisho wake. Fasili ya logarithimu kuwa ni kipeo ilienea katika karne ya 18, hasa kwa kazi za Leonhard Euler. Neno lilitangulia, fasili ikafuata. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa maana mara nyingi hudhaniwa kwamba hatuwezi kuieleza dhana mpaka kwanza tuipatie jina zuri.

3.0 Kuingia kwa logarithimu Kajiado

Jina la Kajiado linatokana na maneno ya Kimaasai Olkejuado, yaani mto mrefu. Katika nchi hiyo ya mito ya msimu na mbuga, logarithimu haikuingia kwanza kwa mlango wa shule. Iliingia katika mikoba ya wapimaji wa ardhi.

Wadola wa Uingereza na Ujerumani waligawana nchi kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890, na mpaka uliochorwa kwenye ramani ukaikata nchi ya Wamaasai pande mbili, ukipita Namanga. Mstari uliochorwa mezani hauna budi kupimwa mbugani. Vivyo hivyo reli kutoka Mombasa, ambayo ilivuka mbuga za Athi na kufika Nairobi mwaka 1899. Na vivyo hivyo tawi la reli lililojengwa katika muongo wa 1910 kutoka Konza kupitia Kajiado hadi Magadi. Mpimaji wa siku hizo alipima pembe kwa teodolaiti kisha akatafuta urefu wa pande za pembetatu kwa hesabu. Hesabu hizo zilidai kuzidisha na kugawanya namba zenye tarakimu nyingi, kazi ambayo kwa mkono mtupu ingechukua siku nzima na kuzaa makosa mengi. Kwa kitabu cha majedwali, kuzidisha kuligeuka kujumlisha na kugawanya kukageuka kutoa. Hiyo ndiyo faida iliyowafanya wanafalaki, mabaharia na wapimaji wa dunia nzima wakikumbatie kitabu hicho kwa zaidi ya karne tatu.

Wazee wa Kajiado hawakulisikia neno logarithimu, lakini waliona matokeo yake. Baada ya mikataba ya mwaka 1904 na 1911 Wamaasai walisukumwa katika hifadhi ya kusini. Mwaka 1968 ilipitishwa sheria iliyowezesha ardhi kusajiliwa kwa jina la kikundi, na kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi za vikundi zikaanza kugawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Neno bikoni, lililotoholewa kutoka lugha ya wapimaji, leo hutamkwa kila siku Kitengela na mnunuzi na muuzaji wa ploti. Hesabu iliyoweka bikoni hizo imesahaulika, neno limebaki.

Katika shule, logarithimu iliingia pamoja na mtihani. Wanafunzi wa sekondari wa Kenya kwanza walifanya mtihani wa Cambridge. Baadaye kukaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967, na mwaka 1980 Kenya ikawa na Baraza lake la Taifa. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wake wa kidato cha nne ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Mitaala ilibadilika, hata ile hisabati mpya ya miaka ya 1960 na 1970 ikaja na kuondoka, lakini logarithimu ilibaki. Katika silabasi ya 8-4-4 iliwekwa pamoja na vipeo katika kidato cha pili, na kuendelezwa katika kidato cha tatu. Hata baada ya kikokotoo kuruhusiwa chumbani mwa mtihani, watahini waliendelea kumtaka mwanafunzi atumie majedwali ya logarithimu kupata jibu, na kumpa alama kwa hatua zake.

Je, kubaki huko ni mazoea tu? La hasha. Jedwali limepoteza kazi yake ya zamani, lakini kanuni hazijapoteza yao. Mfano uko papo hapo katika Kajiado. Mwaka 1909 mwanakemia S. P. L. Sørensen wa Copenhagen alibuni kipimo cha pH, ambacho ni logarithimu iliyogeuzwa alama. Maji safi hupimwa 7. Maji ya Ziwa Magadi hukaribia au kupita 10. Tofauti ya 3 inaonekana ndogo kwa asiyejua logarithimu. Kwa anayejua, ina maana kwamba ioni za hidrojeni zimepungua mara elfu. Magadi, ambayo mama wa Kajiado huitia katika maharagwe ili yaive upesi, ni somo la logarithimu lililomo jikoni.

4.0 Mpaka wa lugha

Sasa tuje kwenye swali la lugha. Nchini Kenya, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi kama somo, na mfumo wa 8-4-4 ukakifanya somo la lazima lenye kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Pamoja na hayo yote Kiswahili kilibaki somo. Hakikuwa lugha ya kufundishia masomo mengine.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Katika kipindi cha Kiswahili mtoto wa Kenya hufundishwa akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Huyakariri, hutahiniwa, hupewa alama. Kengele inapolia na mwalimu wa hisabati kuingia, maneno hayo huwekwa kando, wala hayaitwi tena. Yamekuwa mapambo ya msamiati yasiyopewa namba ya kuhesabu.

Nchini Tanzania njia ilikuwa nyingine, lakini ilifika ukingoni pale pale. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na hivyo msamiati wa hisabati ukakua haraka: kipeo, kipeuo, mzingo, kipenyo, pembetatu. Sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Kazi ya istilahi haikusimama. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na sera ya elimu ya mwaka 2014 ikafungua tena mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Hata hivyo logarithimu, kwa kuwa ni somo la sekondari, iliangukia ng'ambo ya pili ya mpaka. Mpaka kati ya shule ya msingi na sekondari ulikuwa pia mpaka kati ya lugha mbili, na dhana hii ilizaliwa upande usio wetu.

Darasani, hata hivyo, mambo si kama yalivyo kwenye sera. Kitengela ni mji uliokua upesi na kukusanya watu wa kabila nyingi. Jirani wa Mmaasai aweza kuwa Mkamba, Mkikuyu, Mluo au Msomali. Mwalimu anapoona nyuso zimefumba, huacha Kiingereza na kusema Kiswahili. Kwa hiyo logarithimu hufundishwa kwa Kiswahili kila siku, ila hufundishwa kwa Kiswahili cha dharura ambacho hakuna aliyekaa kukifikiria.

5.0 Tatizo la neno "mara"

Turudi kwa swali lililomponza mwandishi. Neno "mara" katika Kiswahili hufanya kazi mbili. Hutaja idadi ya nyakati, kama katika "alikuja mara tatu", na hutaja ukubwa wa kuzidisha, kama katika "mara tatu ya bei ya jana". Katika hesabu za shule ya msingi kazi hizi mbili hazigombani. Katika logarithimu zinagombana. "Kumi inaingia katika elfu mara ngapi?" ni swali la kugawanya, na jibu ni mia.

Tukisema "kumi ijizidishe mara ngapi ili tupate elfu?" tunakosea kwa namna nyingine. Kumi kwa kumi kwa kumi ina alama mbili tu za kuzidisha. Mtoto makini atajibu mbili, naye atakuwa na haki.

Istilahi zilizopo pia zina mtego wao. Kipeo na kipeuo zinatofautiana kwa irabu moja tu, ilhali matendo yake ni kinyume: kipeo cha pili cha tatu ni tisa, na kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Sikio la Mswahili husikia katika kipeuo ile -u- ya kauli ya kutendua, kama katika kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua. Kwa mzawa wa lugha hiyo ni hekima kubwa, kwa kuwa kinyume cha hisabati kimewekwa katika kinyume cha sarufi. Kwa mwanafunzi ambaye hajaonyeshwa kiambishi hicho, ni maneno mawili yanayofanana mno.

Maoni yetu ni kwamba mfano wa kipeuo unatuonyesha njia. Kamati za istilahi kwa desturi hutafuta nomino: jina la kitu. Lakini nguvu ya Kiswahili imo katika kitenzi na minyambuliko yake. Swali lililotakiwa ni hili: "Kumi ngapi zikizidishana hupata elfu?" Kauli ya kutendana humaliza utata wote. Kumi hizo haziingii ndani ya kitu, wala hazijizidishi. Zinakutana zenyewe kwa zenyewe. Ni tatu. Na logarithimu, kwa hatua ya kwanza, ni idadi ya kumi zinazozidishana.

6.0 Kanuni tatu katika maneno ya kuhesabia

Kiswahili kina hazina nyingine ambayo haijatumiwa vya kutosha. Tutazame majina yetu ya namba kubwa: kumi, mia, elfu, laki, milioni. Kumi ni la Kibantu. Mia na elfu ni ya Kiarabu. Laki limetoka Bara Hindi. Milioni limetoka Ulaya. Historia nzima ya biashara ya Bahari ya Hindi imo katika safu hiyo. Na logarithimu zake katika msingi wa kumi ni 1, 2, 3, 5 na 6. Ya nne haina jina la pekee. Tunasema elfu kumi, yaani tatu na moja, na huko kusema ni kanuni ya kwanza yenyewe.

Kanuni ya kwanza yasema: logarithimu ya zao ni jumla ya logarithimu. Mia mara elfu ni laki. Mbili na tatu ni tano. Elfu mara elfu ni milioni. Tatu na tatu ni sita. Mtoto wa Kitengela, ambaye kila siku husikia madalali wa ardhi wakitaja laki na milioni, amekuwa akizidisha kwa logarithimu bila kujua.

Kanuni ya pili yasema: logarithimu ya jibu la mgawanyo ni tofauti ya logarithimu. Laki ikigawanywa kwa mia ni elfu. Tano kutoa mbili ni tatu. Hapa ndipo akisami zinaporudi kazini. Ushuri, yaani sehemu moja ya kumi, ina logarithimu ya kutoa moja. Mia ikizidishwa kwa ushuri ni kumi: mbili ukitoa moja ni moja.

Kanuni ya tatu yasema: namba ikipandishwa kwa kipeo, logarithimu yake huzidishwa kwa kipeo hicho. Mia tatu zikizidishana, hupata milioni. Mbili mara tatu ni sita.

Maneno hayo hufichua pia kosa linalowasumbua walimu wa hisabati kuliko yote, nalo ni kudhani kwamba logarithimu ya jumla ni jumla ya logarithimu. Kwa alama, yaani log (M + N) = log M + log N, kosa hilo lina sura ya ukweli, kwa kuwa linafanana na kufungua mabano. Kwa maneno, halina pa kujificha. Mia na mia ni mia mbili. Mbili na mbili ni nne, na nne ni elfu kumi. Hakuna muuza mbuzi sokoni Kajiado atakayekubali kwamba mia mbili ni sawa na elfu kumi. Hali kadhalika, mpangilio wa Kiswahili wenyewe hulinda maana: "logarithimu ya jumla" na "jumla ya logarithimu" zina maneno yale yale, lakini mzungumzaji anajua kwamba kinachotangulia ndicho kinachomiliki sentensi.

7.0 Hitimisho

Hatudai kwamba mtaala wote wa hisabati uhamishwe kesho hadi Kiswahili, wala hatudai kwamba neno logarithimu libadilishwe. Kiingereza chenyewe kilikopa neno hilo kutoka Kilatini cha Napier, kama kilivyokopa neno aljebra kutoka Kiarabu, na hakuna aliyekiaibisha kwa hilo. Neno la kukopa si aibu. Aibu ni kumwachia mtoto neno hilo bila sentensi ya kulieleza.

Tunachopendekeza ni kwamba idara za Kiswahili na walimu wa hisabati wakae pamoja, si kutafuta majina tu, bali kutafuta maswali: ni kwa kitenzi gani, katika kauli gani, dhana fulani huulizwa bila utata. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi aweze kueleza alichojifunza. Hawezi kueleza kwa lugha ambayo hatukumpa.

Siku chache baada ya jioni ile, mwandishi alimwuliza mpwa wake tena, mara hii kwa kauli ya kutendana. Alihesabu kwa vidole, akasema tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lake mwenyewe: "Basi mjomba, mia mbili ni kumi ngapi? Zimezidi mbili, lakini hazifiki tatu." Tukafungua jedwali pamoja. Lilisema 2.3010. Fasili yetu ya kuhesabu kumi nzima ilikuwa imefika mwisho wake, na kazi ya Napier ilikuwa imeanza.